MBWA, WATOTO NA UWANJA WA WAZI: Namna Bustani za Mitaa Zilivyogawanywa Marekani

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika makala zetu za historia tumezoea kuzungumzia miji, vita na wanazuoni. Mara hii tumeonelea tuzungumzie kipande cha ardhi ambacho wengi wetu hukipita bila ya kukitazama, nacho ni bustani ya mtaa, mahali ambapo mtoto hukimbia na mzee hukaa kivulini. Wanafunzi wetu wenye jamaa waliohamia Marekani, Wakongo, Warundi, Wasomali na watu wa pwani, husikia kutoka kwa binamu zao habari inayowachekesha: kwamba huko mbwa wamejengewa bustani yao, yenye uzio, milango na bomba la maji ya kunywa. Wanafunzi hucheka kwanza, kisha huuliza swali la maana: ikiwa mbwa wamepewa uwanja, watoto wamebaki na nini?

Swali hili lina historia ndefu, na ndani yake mna mafunzo kwa kila anayeishi karibu na ardhi ya umma, awe Amerika au Afrika. Tukiifuata historia hiyo tutaona kwamba uwanja wa wazi hupungua kidogo kidogo, kila kundi likija na haja yake ya kweli na kujikatia sehemu, na kwamba hasara humwangukia yule ambaye hakuwepo siku ya kugawa. Hilo ndilo tunalotaka msomaji atoke nalo.

BUSTANI KABLA YA MBWA

Bustani kubwa za umma za Marekani zilianza katikati ya karne ya 19. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Central Park ya New York, ambayo ramani yake ilichorwa na Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux mwaka 1858. Makusudio yao yalikuwa mtu wa mjini, aliyechoka na moshi na kelele, apate mahali pa kutembea na kupumzisha macho. Kucheza hakukuwa katika hesabu. Majani yalikuwa ya kutazamwa, na walinzi waliwafukuza waliokanyaga. Wavulana wa shule waliotaka kucheza mpira walitakiwa waje na barua ya mwalimu, yenye kushuhudia kwamba wana mahudhurio na tabia njema.

Wakati huo huo kondoo walikuwa na uwanda wao ndani ya bustani hiyo hiyo. Walilishwa hapo tangu mwaka 1864 hadi mwaka 1934, na mpaka leo mahali hapo panaitwa Uwanda wa Kondoo. Basi tusishangae sana kusikia mnyama amepewa nafasi katika bustani ya mji. Huko New York kondoo waliwatangulia watoto.

Watoto wa maskini walichezea barabarani, kati ya farasi na mikokoteni, na baadaye kati ya magari ambayo yaliwaua wengi. Hali hiyo iliwaumiza watu wenye huruma. Mwaka 1885 mjini Boston, jumuiya moja ya afya ilimwaga rundo la mchanga katika uwanja wa kanisa dogo kwenye mtaa wa wahamiaji uitwao North End, ili watoto wapate pa kuchezea. Fikra hiyo ilitoka kwa daktari mwanamke, Marie Zakrzewska, aliyeona mchanga wa namna hiyo umewekwa kwa ajili ya watoto katika bustani za Berlin, Ujerumani. Rundo la mchanga tu! Lakini kutokana nalo likazaliwa vuguvugu zima la kudai viwanja vya watoto.

Mwaka 1903 jiji la New York lilifungua uwanja wa michezo katika bustani ya Seward, kwenye mitaa iliyosongamana ya wahamiaji upande wa mashariki ya chini ya Manhattan, na huo unahesabiwa kuwa uwanja wa kwanza wa kudumu kujengwa na manispaa nchini humo. Mwaka 1906 ikaundwa jumuiya ya kitaifa ya viwanja vya michezo, na Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa nchi, akakubali kuwa rais wake wa heshima.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Uwanja wa bembea nao ulikuwa uzio. Uliingia katika bustani ukachukua sehemu ya majani iliyokuwa ya kila mtu, ukawekewa mlango na masharti. Hata leo katika viwanja vya watoto vya New York mtu mzima haruhusiwi kuingia asipokuwa na mtoto. Waliopenda bustani ya kimya walipinga kwa miaka mingi, na Central Park yenyewe haikupata uwanja wake wa kwanza wa bembea mpaka mwaka 1926, karibu miaka 70 baada ya ramani yake kuchorwa. Kwa hiyo waliodai nafasi kwa ajili ya watoto nao walikuwa wageni katika bustani, na nao waliambiwa kwamba wanaharibu mahali pa watu. Tulikumbuke hili, kwani maneno hayo hayo yatarudi kuwaangukia wenye mbwa.

KINYESI, MINYOO NA SHERIA YA 1978

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia idadi ya familia za mjini zilizofuga mbwa ndani ya nyumba iliongezeka sana. Mbwa wa shamba ana nafasi yake, lakini mbwa wa ghorofani lazima atolewe nje kila siku, asubuhi na jioni. Miji mingi ikaweka sheria ya kamba: mbwa asitembee hadharani isipokuwa ameshikwa. Sheria ya afya ya New York ilitaja hata urefu wa kamba, usizidi futi 6, yaani kiasi cha mita mbili.

Kamba ilizuia kuumwa, lakini haikuzuia uchafu. Kufikia miaka ya 1970 njia za waendao kwa miguu na majani ya bustani za New York zilikuwa zimejaa kinyesi cha mbwa, na wazazi walianza kupiga kelele. Aliyejulikana zaidi miongoni mwao ni Fran Lee, mwanamke aliyeonekana sana katika redio na televisheni akitetea haki za wanunuzi. Alianzisha kundi aliloliita "Watoto Kabla ya Mbwa", na hoja yake kubwa ilikuwa ni minyoo.

Hoja hiyo ilikuwa na msingi, na wazazi wetu wanafaa kuijua. Ndani ya utumbo wa mbwa, hasa watoto wa mbwa, huishi minyoo wanaoitwa toksokara. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi. Yakiwa bado mapya hayaambukizi; huhitaji wiki mbili au zaidi udongoni ndipo yaweze kumdhuru mtu. Baada ya hapo yanaweza kubaki hai mchangani kwa muda mrefu, hata miaka. Mtoto anayecheza chini kisha akatia vidole mdomoni huweza kuyameza, na mara chache viluwiluwi vya minyoo hao hufika jichoni na kuharibu uwezo wa kuona. Ukiyaelewa haya utaona mara moja kwa nini kuokota kinyesi siku hiyo hiyo ni dawa kubwa: kinachoondolewa leo hakipati zile wiki mbili.

Sheria ilipitishwa na serikali ya jimbo la New York, ikihusu miji mikubwa yenye watu zaidi ya 400,000, na ikaanza kazi tarehe 1 Agosti 1978, wakati meya wa jiji alikuwa Ed Koch. Ilisema neno moja jepesi: mwenye mbwa aokote kinyesi cha mbwa wake, asipookota atozwe faini. Wengi waliicheka, wakidai hakuna mtu mwenye heshima zake atakayeinama barabarani kufanya kazi hiyo. Lakini watu waliinama, na miji mingine ndani na nje ya Marekani ikaweka sheria za namna hiyo.

Sisi tunaona kwamba sheria hii ndiyo iliyofungua njia ya bustani za mbwa. Kabla yake mwenye mbwa alikuwa jirani mwenye kuudhi, na hakuna aliyetaka kusikia ombi lake. Alipoanza kutimiza wajibu wake mbele za watu, ndipo alipoweza kusimama mkutanoni na kusema: nami nina haja yangu.

BERKELEY, MWAKA 1979

Bustani ya mbwa inayotajwa kuwa ya kwanza nchini Marekani haiko New York. Iko Berkeley, mji wa chuo kikuu katika jimbo la California, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco. Jinsi ardhi yake ilivyopatikana ni kisa kizima.

Mwaka 1966 wakazi wa Berkeley walipiga kura wakakubali kujitoza kodi ili reli mpya ya abiria ipite chini ya ardhi ya mji wao, isipite juu ikawagawa. Ili kuchimba njia hiyo, nyumba zilizopangana kando ya barabara ya Hearst zilibomolewa. Reli ikafukiwa, na juu yake pakabaki ukanda mrefu mtupu katikati ya makazi. Mwezi Mei 1969 mji huo ulikumbwa na msukosuko mkubwa kuhusu kiwanja kingine, kilichoitwa Bustani ya Watu, ambacho wanafunzi na wakazi walikipanda miti bila idhini ya chuo kikuu. Chuo kiliweka uzio, polisi walifyatua risasi, na kijana mmoja aliyekuwa juu ya paa akafa kwa majeraha. Baada ya hapo baadhi ya watu walihamia kwenye ule ukanda wa juu ya reli, wakaanza kupanda maua na kuweka vitu vya watoto.

Baadaye ukanda huo ukawa bustani ya jiji, ukaitwa Ohlone, kwa jina la wenyeji wa asili wa sehemu hizo. Na mwaka 1979 upande mmoja wake ukawekewa uzio kwa majaribio, mbwa waachiwe humo bila kamba. Majaribio hayo hayakuondolewa tena.

Tazameni ni ardhi ya namna gani iliyopewa mbwa. Haikuwa uwanja wa mpira uliopokonywa vijana. Ilikuwa ardhi mpya, iliyopatikana kwa kura, kodi na nyumba za watu kubomolewa, na ilipogawanywa kila haja ilipewa mahali pake: bembea za watoto, uwanja wa mpira wa kikapu, shamba dogo la wakazi, majani matupu, na uzio wa mbwa. Wenye mbwa wenyewe walijiunga wakaunda jumuiya, wakawa wanasafisha na kusimamia masharti. Malalamiko hayakukosekana, hasa ya kelele, kwani nyumba ziko karibu. Lakini mpango ulidumu, na miji mingine ikaja kuutazama na kuuiga.

Kutokana na uzoefu huo zikapatikana kanuni ambazo leo zinajulikana kila mahali. Uzio uwe wa futi 4 hadi 6. Pawe na milango miwili yenye kichumba katikati, ili mmoja usifunguliwe mpaka mwingine umefungwa, mbwa asipate kuchomoka. Mbwa wadogo wawe na sehemu yao. Chini pawekwe kokoto ndogo au vipande vya miti, kwa sababu majani hufa kwa kuchimbwa na mikojo. Maji yawepo, na njia ya kuyatoa iwepo.

Chama kikubwa cha wafugaji wa mbwa nchini humo hupendekeza eneo la ekari moja au zaidi. Wanafunzi wetu wafanye hesabu: uwanja kamili wa mpira wa miguu ni kama ekari moja na robo tatu. Kwa hiyo uzio mmoja wa mbwa uliojengwa kwa kipimo hicho hula zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Kwa mji wenye ukanda mtupu juu ya reli hilo si tatizo. Kwa mtaa wenye kiwanja kimoja tu, ndiyo ugomvi wenyewe.

KUGAWANA SAA BADALA YA ARDHI

New York haikuwa na ardhi mpya. Uzio wake wa kwanza wa mbwa ulijengwa mwaka 1990 katika bustani ya Tompkins Square, mahali palipokuwa na fujo kubwa kati ya polisi na wananchi miaka miwili nyuma yake, mwezi Agosti 1988. Nyua nyingine zikafuata. Lakini jiji lenye watu wengi kiasi hicho haliwezi kukata ekari moja kila mtaa, na hapo ndipo ilipoingia fikra nyingine, ambayo sisi tunaiona kuwa ya busara zaidi: badala ya kugawa ardhi, gawa saa.

Aliyeiruhusu ni Henry Stern, mkuu wa idara ya bustani ya jiji. Bila ya sheria iliyoandikwa, alikubali kwamba katika viwanja fulani vikubwa mbwa waachiwe kamba usiku baada ya saa 3 na asubuhi kabla ya saa 3. Muda huo watoto wako nyumbani au wanakwenda shule. Ikifika saa 3 asubuhi kila mbwa anarudi kwenye kamba, na uwanja ule ule unakuwa wa watoto, wacheza mpira na familia zilizokuja na chakula chao. Katika bustani ya Prospect mtaani Brooklyn, yenye uwanda mrefu wa karibu ekari 90, mpango huo ulishika mizizi, na wenye mbwa wakawa wa kwanza kuwakanya wenzao wanaopitisha saa.

Si wote walioridhika. Jumuiya moja ya wakazi wa Queens ilisema kwamba mkuu wa bustani hana uwezo wa kuiruka sheria ya afya inayotaka kamba wakati wote, ikaishtaki idara mahakamani mwaka 2006. Jiji lilijibu kwamba katika miaka ya mpango huo taarifa za watu kuumwa na mbwa zilikuwa zimepungua. Mahakama ilikataa madai ya wale wakazi. Hata hivyo mashtaka yao hayakwenda bure, kwa sababu yaliwalazimisha wakuu kuandika kile kilichokuwa kikifanyika kwa mdomo. Bodi ya Afya ilibadilisha sheria mwishoni mwa 2006, na mwaka 2007 masharti yakawekwa wazi: mbwa awe na leseni, awe amechanjwa kichaa cha mbwa, mwenyewe awe naye karibu, na asiingie kamwe, wakati wowote, katika viwanja vya bembea na vya michezo iliyotengewa mahali pake.

Waliolalamika hawakupata walichokitaka, lakini walipata masharti. Na masharti yaliyoandikwa humlinda zaidi mnyonge, kwani ahadi ya mdomo huijua anayemjua mkubwa, ama iliyoandikwa huisoma yeyote.

UWANJA USIO NA JINA

Miaka iliyofuata bustani za mbwa ziliongezeka kwa kasi katika miji mikubwa ya Marekani, zikawa miongoni mwa sehemu za bustani zinazokua upesi kuliko nyingine. Mfano unaotajwa sana ni San Francisco, ambako watu husema kwa mzaha kwamba mbwa ni wengi kuliko watoto. Mzaha huo una kiini chake: sensa ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba walio chini ya miaka 18 walikuwa karibu asilimia 13 tu ya wakazi wa mji huo. Nyumba ni ghali, na wazazi wengi huhama. Katika mji wa namna hiyo ukiitisha mkutano wa kuamua bustani itumikeje, wenye mbwa watajaza ukumbi. Wana jumuiya, wana barua pepe, wana muda. Mtoto wa miaka minane haji mkutanoni, na mama yake mhamiaji anafanya kazi ya zamu ya pili.

Si wenye mbwa peke yao. Mwaka 2014 katika mji huo huo, kwenye mtaa wa Mission unaokaliwa na familia nyingi zenye asili ya Amerika ya Kilatini, vijana walikuwa wakicheza mpira wa miguu katika uwanja wao kwa desturi ya siku zote: anayefika anaingia, timu inayofungwa inatoka. Usiku mmoja wakaja watu wazima, wafanyakazi wa makampuni ya kompyuta, wakiwa na karatasi ya kibali waliyoilipia, wakawataka vijana watoke. Mabishano yakarekodiwa na kusambaa nchi nzima. Vijana wakaenda hadi makao ya jiji kulalamika, na idara ya bustani ikaacha kukodisha uwanja ule kwa watu wazima.

Tumekitaja kisa hiki, ingawa hakina mbwa ndani yake, kwa sababu kinaonyesha ugonjwa ule ule. Uwanja wa bembea una jina na kibao. Uwanja wa mbwa una jina na uzio. Uwanja wa kukodi una ratiba. Lakini pale mahali patupu ambapo watoto huweka mawe mawili wakayaita goli, wasichana wakaruka kamba, na familia ikatandika jamvi, pale hapana jina lolote. Kwenye ramani ya mpimaji panaonekana kama mahali pasipotumika. Basi kila anayetafuta ardhi, hapo ndipo anapoweka kalamu yake ya kwanza.

Jambo jingine ni fedha. Nyua nyingi za mbwa husafishwa na kutengenezwa kwa juhudi na michango ya wenye mbwa wenyewe. Hilo ni jema. Lakini matokeo yake ni kwamba mtaa wenye watu wenye nafasi hupata uzio mzuri wenye bomba na kivuli, na mtaa wa maskini hupata uzio uliochakaa wenye matope na harufu, au haupati kabisa. Na pasipokuwa na uzio, mbwa huachiwa kamba palepale watoto wanapocheza. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba kupinga uzio wa mbwa ni kuwasaidia watoto daima. Mara nyingine uzio ndio unaowapa watoto amani.

MBWEKO JUU YA KILIMA

Sisi kama Waislamu tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini, kwa upande wa mbwa na kwa upande wa ardhi.

Kwa upande wa mbwa, tunajua hukumu ya usafi wake, na kwamba wanazuoni wamekhitalifiana: Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, wanamhesabu mbwa mzima kuwa najisi, Mahanafi wanalitazama zaidi suala la mate yake, na Mamaliki wanamwona kuwa ni tohara akiwa hai. Hata kwa Mashafii, kikavu kikigusana na kikavu hakihamishi najisi, basi mtoto aliyepitwa na mbwa mkavu asitiwe hofu. Na juu ya hayo yote tunakijua kisa kilichopokewa katika Hadithi sahihi cha mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe kwa ajili hiyo. Usafi ni hukumu, na huruma ni hukumu. Hazigombani.

Kwa upande wa ardhi, wanazuoni wamesimulia desturi ya Waarabu zama za Jahiliya. Mkubwa wa kabila alipotaka malisho yawe yake peke yake, alimpandisha mbwa juu ya kilima akambwekesha, na pale sauti ya mbweko ilipoishia ndipo mpaka wake ulipokuwa. Ndani ya mpaka huo hakulisha mwingine. Nje yake yeye alilisha pamoja na watu. Aliyesifika kwa jambo hilo ni Kulayb wa kabila la Taghlib. Alimuua ngamia jike wa mgeni aliyeingia katika malisho yake, naye akauawa kwa kisasi, na kutokana na hapo vikaanza vita vya Basus, ambavyo masimulizi ya Waarabu yanasema vilidumu miaka 40.

Mtume Muhammad (S.A.W.) aliikata desturi hiyo. Akabatilisha mtu kujitengea malisho kwa nguvu zake, na kutenga ardhi kukawa ni kwa maslaha ya umma tu. Zama za Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) kulikuwa na malisho yaliyotengwa kwa wanyama wa hazina ya Waislamu, na msimamizi wake alikuwa mtu aitwaye Hunayy. Umar alimwagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awe na tahadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan (R.A.). Hao wawili ni katika masahaba bora, na Umar hakuwatuhumu kwa lolote. Sababu aliyoitoa ni kwamba mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea, ama mnyonge akifiwa na wanyama wake hana pa kurejea, atakuja na watoto wake kwa khalifa.

Hicho ndicho kipimo. Mbele ya ardhi ya wote, muulize kila mmoja: ukikosa hapa, una pengine pa kwenda? Mwenye bustani nyuma ya nyumba yake anapo. Mwenye mbwa anayeishi ghorofani hana, na haki yake isikilizwe. Mtoto wa ghorofa hiyo hiyo naye hana, tena hawezi kusema.

KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Kwa jamaa zetu walioko Amerika na kwingineko ugenini tunasema: mkutano wa bustani ya mtaa si jambo la wenyewe wenye nchi. Ni lenu pia. Hudhurieni. Msiingie na kauli ya kwamba dini yetu haitaki mbwa, kwani hiyo haitamsaidia mtoto wala haitawaelewesha majirani. Ulizeni maswali yenye faida: kabla ya uzio huu kujengwa, nani alikuwa akipatumia hapa na saa ngapi? Je, saa zinaweza kugawanywa badala ya ardhi? Uzio utakuwa umbali gani na bembea? Nani atakayesafisha miaka mitano baadaye? Na eneo lipi litaandikwa kwenye ramani kuwa ni la wazi, lisikatwe tena?

Kwetu Afrika Mashariki adui wa uwanja wa wazi si mbwa. Ni ukuta unaojengwa usiku. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kuchukua sehemu ya bustani ya Uhuru jijini Nairobi, na mpango huo ukaachwa. Mwezi Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walikuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipoandamana na kuubomoa walipigwa mabomu ya machozi. Kelele zilipozidi, uwanja ukarudishwa. Ukuta na uzio ni vitu viwili tofauti kwa nia, lakini vyote huanzia mahali palepale: penye uwanja ambao kila mtu anautumia na hakuna aliyeuandikisha.

Wanafunzi wetu tunawapa kazi ndogo. Nendeni kwenye kiwanja cha wazi kilicho karibu nanyi, mkae tangu alasiri hadi karibu na maghribi, mwandike ni nani anayekitumia na kwa jambo gani. Kisha mwulizeni mzee wa mtaa kiwanja hicho kilikuwa na ukubwa gani alipokuwa mdogo. Majibu mtakayoyapata ni historia, na ni ushahidi. Siku atakapokuja mtu na karatasi kusema hapa hapatumiki, mtakuwa na karatasi yenu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutoa haki kwa kila mwenye haki, mkubwa na mdogo, mwenye sauti na asiye na sauti, na awahifadhi watoto wetu popote walipo. Amin.

Wabillahi tawfiq.